Abiria wa Kumi na Tano

Mtu wa Mombasa akitamka kwamba anakwenda kuvua samaki wa maji baridi, watu humtazama kwa huruma. Kisiwa kizima kimezungukwa na bahari, changu na tewa wanapitishwa mlangoni, halafu wewe unapanda gari kwenda bara kumtafuta samaki anayenuka matope! Lakini upepo wa kusi ukishika, baina ya Aprili na Septemba, nje ya miamba hakukaliki, na mvuvi mwenye kidau hubaki nyumbani kuwa kero. Siku ya tatu ya kuhamishahamisha viti, niliambiwa kwa heshima zote, "Baba, nenda ukavue hata kwenye ndoo."

Basi maji baridi yako wapi? Kisiwani hakuna. Yale ya bombani yanatoka mbali, mengine chemchemi za Mzima kule Tsavo, na yakikatika huja kwa mkokoteni ndani ya mitungi ya lita 20, na humo hamna samaki. Haller Park kule Bamburi, yaliyokuwa machimbo ya mawe ya saruji, kuna mabwawa yenye perege, lakini hao ni wa kutazama, si wa ndoana. Na kuna bwawa la viboko. Tuendelee.

Mito ya karibu, Kombeni na Mwache, humwagikia kwenye hori za Tudor na Port Reitz, kwa hivyo huku chini ni chumvi tupu. Usihangaike kuuliza: ukiona mikoko, hapo bahari yapanda. Fuata mto kwenda juu mpaka mikoko iishe, uanze kuona matete na mayungiyungi. Ukitaka uhakika zaidi tia ncha ya ulimi, kisha tema. Binamu yangu, niliyekwenda naye, hakutema.

Ukivuka feri ukashika njia ya Lunga Lunga, utaukuta mto Ramisi. Kaskazini, nyuma ya Malindi, kuna Sabaki na ziwa Jilore, na Sabaki ina mamba wasiobagua mzawa na mgeni. Maziwa ya Jipe na Chala yako Taveta, mpakani na Tanzania. Huko si kwenda kuvua, ni kuhama. Mwenye siku moja tu hubakiwa na mabwawa ya mvua ya upande wa Mazeras, Mariakani na Kinango, yale yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo.

Mengi katika hayo hayana kitu, kwa hivyo tembea ukingoni kabla hujafungua mshipi. Vishimo vya duara, upana wa sahani, kwenye maji mafupi ni viota vya perege. Dume ndiye anayevichimba. Mnandi na korongo wakisimama pahali pamoja kila asubuhi, hawakuja kuswali. Waulize watoto wanaochunga ng'ombe, maana wao ndio wanaojua kama kuna mamba, na wala hawana sababu ya kukudanganya. Kisha mtafute mwenyekiti wa kamati ya bwawa, uende na sukari na majani ya chai. Habari ya leseni ukaiulize mapema ofisi ya uvuvi ya kaunti. Na hata ndoana ikinasa kwenye magugu, usiingie majini: konokono wa mabwawa haya hubeba kichocho. Kata uzi, funga ndoana nyengine. Ndoana ni shilingi chache, na kukojoa damu si mchezo.

Zana ni nyepesi kuliko za baharini. Kwa perege, mwanzi wa pima moja na nusu, uzi wa milimita 0.25, ndoana namba 8, na chelezo kidogo kiasi cha kuzama kwa pumzi ya samaki. Chambo ni nyungunyungu, au sima iliyokandwa na nyuzi chache za pamba. Bila pamba donge huyeyuka na wewe unabaki kuvua kwa ndoana tupu, umetulia, umejaa matumaini. Acha chambo kining'inie shibiri moja juu ya tope. Kwa kambare, badilisha kila kitu: uzi wa 0.40, ndoana 2/0, chubwi ya gramu 30 ikalale chini kabisa, na maini ya kuku yaliyozungushiwa uzi wa kushonea, maana ini ni laini na likirushwa huenda kivyake. Perege huuma mchana. Kambare hungoja jua liiname, na maji yakiwa yamechafuka baada ya mvua ndiyo raha yake. Akiuma usivute kwa papara. Mwache auchukue uzi aende nao, ndipo umkaze.

Tulifanya yote hayo, na magharibi ilipokaribia tulikuwa na perege saba na kambare wawili, kila mmoja urefu wa mkono wangu mpaka kiwiko. Hapo ndipo binamu yangu alipotoa gunia la katani, akalichovya bwawani, akawafunga samaki wote ndani. Kwa samaki wa bahari hilo ni sawa kabisa: changu akishatoka majini mambo yake yamekwisha, na gunia bichi humzuia kuharibika njiani. Lakini kambare, juu ya matamvua yake, ana kiungo chenye matawi matawi cha kuvutia hewa. Ngozi ikibaki na unyevu anaweza kukaa nchi kavu saa nyingi, na bwawa likikauka huondoka kwa miguu asiyokuwa nayo. Kumfunga kwenye gunia bichi ni kumtandikia kitanda. Kambare hupigwa kwa kipande cha mti juu ya kichwa, kati ya macho na kisogo, mara mbili kwa nguvu, ndipo atiwe gunia. Binamu yangu, akiulizwa, alisema wamekufa wenyewe kwa sababu "wamenyamaza".

Tukapanda matatu Mariakani, ya watu 14, gunia chini ya kiti. Binamu akalala kabla hatujafika Mazeras. Upande wangu wa pili alikaa bimkubwa mmoja wa buibui, na trei ya mayai mapajani. Tulipofika Miritini malori yalikuwa yamefunga njia, dereva akazima injini.

"Mwanangu," akasema bimkubwa taratibu, "gunia lako lapumua."

"Hapana, mama. Ni gari latingishika."

"Gari limesimama."

Nikaangalia chini. Kutoka mdomo wa gunia zilikuwa zimechomoza sharubu nne ndefu, zikipapasapapasa kiatu cha bimkubwa kwa adabu kubwa. Nyuma yake kikafuata kichwa kipana, cheusi, kinachometa. Kambare akatoa mlio mfupi wa koo, hivi: kro. Bimkubwa hakupiga kelele. Aliinua mayai yake juu ya kichwa na kunyanyua miguu, akaanza kusoma Ayatul Kursi. Aliyepiga kelele ni kijana wa kiti cha nyuma, tena alipiga neno moja tu.

"Nyoka!"

Sijapata kuona gari likishuka watu haraka namna ile. Makanga, ambaye kazi yake ni kufungua mlango, aliufungua na kuwa wa kwanza kuutumia. Wengine walipitia madirishani, na mmoja alirudi kuchukua simu, akakimbia tena. Binamu aliamka, akauliza kama tumefika, akaona dereva anakimbia, akakimbia naye. Kambare wakati huo ameshika njia ya mbele. Hutambaa kwa kujisukuma na mifupa miwili ya mapezi ya ubavuni, ile mikali inayochoma mkono wa asiyejua kumshika, huku mwili ukijinyonga kushoto na kulia. Alipita chini ya kiti cha dereva na kutulia juu ya pedeli.

Ndani tulibaki watatu: mimi, bimkubwa wa mayai, na mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti tangu Mariakani. Mzee akalikunja gazeti.

"Huyo ni mumi," akasema. "Kwetu Budalangi mtoto wa miaka sita hamkimbii."

Akainama, akampitisha kiganja nyuma ya kichwa, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili, nyuma kabisa ya ile mifupa, akambana. Kambare akatulia. Huko ndiko kumshika. Ukimkamata kiunoni, kwa ule ute alio nao, utakuwa unakamua sabuni, na akigeuka atakupiga mwiba.

Abiria wakaanza kurudi mmoja mmoja, kila mtu akieleza kwamba yeye hakukimbia, alishuka kunyoosha miguu. Makanga alirudi na hasira za mtu aliyeonekana.

"Ami, huyu alipiwe nauli."

"Nilipe nauli ya samaki?"

"Samaki aliyekufa ni mzigo. Huyu amekaa kiti cha mbele."

Gari zima likaingia kwenye kesi. Kijana wa nyuma alishikilia kwamba mtoto mchanga halipi, hata kama yu hai. Dereva akasema mtoto mchanga hakai juu ya breki. Mzee wa Budalangi akaikata kesi: akatoa noti, akamlipa makanga nauli, akasema samaki ni wake. Nilipotaka kubisha akaniuliza nitampika vipi. Nikasema nitamkaanga. Akatikisa kichwa. Kambare wa bwawa huwekwa kwanza kwenye maji safi siku mbili, asipewe chakula, atoe harufu ya tope. Ndipo achinjwe, asuguliwe chumvi na ndimu mpaka ute uishe, achomwe kidogo juu ya makaa, halafu apikwe mchuzi. "Wewe wa pwani," akasema, "kula tewa zako." Sikuwa na la kujibu, na mikono yake ndiyo iliyokuwa na samaki.

Malori yakasogea, dereva akapangusa pedeli kwa kitambaa, tukaondoka. Bimkubwa alikuwa ameyashusha mayai yake na kuyahesabu, hakuna hata moja lililopasuka. Tulipoipita Mikindani akanigeukia, sauti yake tulivu vilevile.

"Mwanangu, huko bwawani, wa namna ile mlivua wangapi?"

"Wawili, mama."

Miguu yote garini ikapanda juu ya viti.