Injini Imelala, Wewe Huwezi Kulala

Nani alitudanganya kwamba injini ya Subaru Impreza WRX mtu anaweza kuishusha nyumbani, akaifumua na kuirudisha, kwa sababu tu ana boksi la spana na Jumamosi haina kazi? Jumamosi yenyewe inaishia kwenye bolti za egzosi! Zimebanikwa na joto la tabo, ile feni inayosukumia injini hewa, miaka na miaka, kutu imezikumbatia, ukizilazimisha zikiwa kavu zinakatika na kubaki ndani ya hedi, kile kichwa cha injini. Ndiyo unaanza kutoboa na drili, umeme nao unakatika. Zilitakiwa zimwagiwe mafuta ya kulainisha kutu tangu Alhamisi, Ijumaa tena, halafu zipashwe moto kabla ya kuguswa. Lakini Alhamisi nani anawaza bolti? Alhamisi tunawaza kodi ya nyumba.

Haya, tuseme zimetoka. Injini inaning'inia kwenye mwembe kwa mnyororo, jirani amesimama chini yake na kikombe cha chai anakuuliza, "Hii ndiyo ile ya mashindano?" Ndiyo, baba. Ndiyo EJ20, injini ya WRX, jamaa wa zile zilizompa dereva Colin McRae ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995. Sasa toka chini yake, na kikombe chako.

Injini za wenzetu zimesimama. 2JZ ya Toyota Supra ukishatoa hedi unafungua sampo, lile bakuli la oili la chini, unafungua kofia za konrodi, vile vyuma vinavyobeba pistoni, unasukuma pistoni zinatokea juu, unakwenda kula. EJ20? Thubutu! Hii imelala ubavu, pistoni mbili kulia na mbili kushoto kama mabondia, na bloku lenyewe ni nusu mbili zilizobana kranki, shafti kuu, katikati. Huwezi kuzitenganisha mpaka pistoni ziachane na konrodi, na zinaachana kwa kuchomoa pini kupitia vitundu vya ubavuni. Vitundu vyenyewe vina vizibo vya kufungua na alenki ya milimita 14, ambayo kwenye seti yako haimo. Seti zote mtaani zinaishia 10, sijui nani aliamua. Kizibo kikitoka, unazungusha kranki taratibu hadi pini itazamane na tundu, unachungulia na tochi kama mganga, unachomoa kibanio cha waya kwa koleo ndefu nyembamba, kisha unavuta pini. Nayo imegandiwa na masizi, haitaki. Ukiigonga kwa nyundo umepinda konrodi. Inavutwa na kifaa cha kuvutia, pole pole, pini nne. Na kile kibanio kikiruka kikaangukia ndani, hakuna kuondoka hapo mpaka kipatikane.

Bolti za bloku hazilingani urefu. Katoboe kipande cha boksi, chora umbo la injini, kila bolti ichomekwe mahali ilikotoka. Kopo la Blue Band lililojaa bolti za mchanganyiko ni kaburi, tena lisilo na jina. Kofia za konrodi zipigwe alama, kila moja irudi kwa mwenzake na upande uleule, maana kiwandani zilichongwa zikiwa zimefungwa pamoja.

Halafu vipimo. Hapa ndipo nyumbani na injini wanapogombana. Nyumba yetu haina ukuta ulionyooka, mlango wa choo unafungwa na kamba, lakini beringi kubwa za kranki zinataka nafasi ya milimita 0.010 hadi 0.030! Unywele wako hauingii hapo. Kipimo chake ni uzi wa plastiki unaowekwa juu ya kranki, unafunga kwa nguvu kamili, unafungua, unasoma ulivyotandazika. Kranki ikishachubuka au kuchongwa, zipo beringi nene zaidi, za milimita 0.03, 0.05 na 0.25, kwa hiyo maikromita kwanza, duka baadaye. Yule kijana wa duka la spea Shaurimoyo anayekuambia "chukua standadi bro, itakaa" hatakuwepo siku inaanza kugonga.

Wakati unapima, mama mwenye nyumba anafagia uwanja. Vumbi lote la Dar es Salaam linatua kwenye beringi. Umwambie asifagie? Kwake? Funika kwa nailoni, kila chuma kipakwe oili kabla ya kuketi, na kazi ya beringi ifanyike usiku, fagio likiwa limelala.

Ringi za pistoni nazo usizivishe moja kwa moja kutoka kwenye paketi. Iingize ringi ndani ya silinda, isukume na kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Ringi ya juu ni milimita 0.20 hadi 0.25. Ikiwa finyu, ikipata joto ncha zinakutana, inakwaruza silinda, pengine inavunja ukingo wa pistoni. Na pistoni za hizi gari zinapasuka pia kwa sababu ya petroli. Zilipangwa zinywe ile ya bei mbaya ya Japani, oktani kama 100. Wewe unampa ya kituo cha njia panda na kumkandamiza tabo, mlipuko unawahi kabla ya wakati, pistoni inapigwa nyundo usoni. Halafu lawama anapewa fundi.

Wakati huo fundi wa mtaa anafunga hedi kwa mkono. "Mkono wangu ndio kipimo." Mkono huo jana ulishindwa kufungua chupa ya soda! Hedi inataka toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm: bolti zipakwe oili, zianzie katikati, zote 29 Nm, kisha 69, kisha legeza nyuzi 180, yaani nusu mzunguko, legeza 180 nyingine, kaza 42, halafu zungusha nyuzi 80 hadi 90, na tena 80 hadi 90. Ndiyo, unakaza ili ulegeze. Uliza kwa nini: gasketi inakandwa kwanza ilale, ndipo bolti inavutwa kwa kipimo cha kweli. Na kabla ya yote, rula ya chuma juu ya hedi. Ukiingia uwazi wa milimita 0.05 chini yake, hedi imepinda, ipeleke ikachongwe. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni shati jipya kwa mtu hajaoga.

Nusu za bloku zinaunganishwa na silikoni, mstari mwembamba. Mwembamba! Watu wanapaka kama siagi, ziada inajiminya kwa ndani, inakatika, inasafiri hadi kwenye chujio la sampo na kuziba mdomo wa pampu. Na hiyo pampu ya oili, igeuze utazame mgongo wake. Kuna skrubu ndogo zinazopenda kulegea zenyewe. Zing'oe, zipake gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, zikaze. Kama injini ilikufa beringi, kipoza oili kitupe tu, unga wa chuma haufulikiki mle, na bomba la oili la tabo lenye kichujio kidogo kwenye bolti yake likaguliwe.

Belti ya taimini, Mungu wangu. Kwenye gia ya kranki kuna mshale mkubwa unaokuita. Usiuitikie. Huo unaonyesha pistoni namba 1 imefika mwisho. Unachokitafuta ni kijistari kwenye jino la nyuma ya gia, kitazamane na alama ya juu. Hapo pistoni zote zipo katikati ya safari, haziwezi kugusana na valvu. Kamshafti za kushoto, shafti zinazofungua valvu, zina springi zinazozibana, zinaruka ghafla na kukutwanga vidole, na ukizigeuza upande usio wake valvu zinagongana zenyewe kwa zenyewe. Kikaza belti kibanwe kwenye presi ya wima, si jiliwa, taratibu, zaidi ya dakika 3, kisha kichomekwe kipini cha milimita 2. Mwenye haraka anapasua sili yake. Ukimaliza, zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili mizima na uzitazame alama upya.

Kabla ya kuwasha, chomoa plagi na soketi ya sensa ya kranki, piga stata sekunde kumi kumi mpaka taa ya oili izimike. Ndipo urudishe. Jirani na kikombe chake atasema betri imekufa. Mwache.

Ikikubali, unadhani umemaliza? Kitabu cha gari kinasema kilomita 1,600 za kwanza usivuke mizunguko 4,000 kwa dakika. Yaani umejenga gari la mashindano uliendeshe kama unasindikiza maiti, nyuma ya daladala, huku bajaji inakupita upande wa kushoto na abiria wake anachungulia nje kukuuliza kama umeishiwa mafuta.