Kupaka rangi fanicha za zamani ni mambo ya huku, Mtwara msituige

Naishi Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa, na kitu ambacho wageni wakija kwangu lazima wakisifie ni droo za chumbani, za kijani na vishikio vya shaba. Nilizinunua pauni 15 kwenye chariti, yale maduka ya mitumba ambayo faida inaenda kusaidia wagonjwa na wazee, tukazipandisha ghorofa ya pili mimi na jirani afu nikazipiga msasa mwenyewe jikoni. Sasa kila nikiposti picha, watu wa nyumbani wanaanza, "wenzetu wanajua kujitegemea bana, sisi huku hata kiti kikilegea mguu tunaita fundi." Hapo ndo nataka tuongee kidogo.

Huku mtu anapaka mwenyewe kwa sababu fundi hashikiki. Ukimwita akukwangulie droo akupakie, bei yake inapita ya droo zenyewe, saa nyingine inapita hata ya mpya. Ni ukata tu, ujanja haupo. Na hizo mbao zenyewe muulizeni aliyezigusa. Nyingi ni ile chipbodi, takataka za mbao zimegandishwa na gundi afu juu wamebandika karatasi yenye picha ya mbao. Ndiyo, picha! Ukizidisha msasa kidogo karatasi inatoboka unakutana na unga, ndo maana unakwaruza kidogo tu ishike, unapiga praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, unapiga rangi, aibu inasitirika. Rangi huku ni kama stara.

Na mateso yake hamuyaoni kwenye picha. Mara ya kwanza vumbi la msasa liliiwasha kengele ya moto, jengo zima likaanza kulia na mimi nimesimama katikati na kitambaa kichwani. Nikaja kupaka mwezi wa kwanza, baridi kali, hita nimeizima kubana matumizi, rangi ya maji ikagoma kukauka siku mbili ikanasa kila uzi uliopita. Afu kitu cha zamani sana chenye rangi yake ya zamani hutakiwi kukipiga msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani zilikuwa na risasi, yale madini ya sumu wanayoita lead, huku walizipiga marufuku kuuziwa watu wa kawaida mwaka 1992, kwa hiyo cha kabla ya hapo unalowesha kwanza, unavaa barakoa, unaomba Mungu.

Sasa mwaka jana nimeenda likizo Mikindani kwa bibi. Chumbani kwake kuna kabati la nguo ambalo marehemu babu alilitengenezesha kwa mninga mtupu, limekuwa jeusi kwa vanishi kuukuu na miaka ya moshi wa udi. Mimi na akili zangu za Leicester nikapanda bajaji mpaka mjini Mtwara, nikarudi na kopo la rangi nyeupe, brashi mbili na msasa. Bibi akaliangalia lile kopo weee, afu akasema, "Mjukuu wangu, kabati limekukosea nini?"

Akatuma mtoto amwite fundi, mzee wa mtaa wa pili. Mzee hakubishana na mimi, akaokota kipande cha kioo kilichovunjika, akakwangua sehemu kama kiganja hivi kwenye mlango, akapitisha kitambaa chenye maji. Jamani. Ikatoka rangi ya asali nzito na mistari myekundu inapita ndani yake, nikabaki mdomo wazi. Mzee akanipa brashi yangu, "Haya mwanangu, paka sasa hiyo chokaa yako."

Kwa hiyo msimamo wangu ndo huo: mninga, mkongo, mvule, hizo mtu usizifunike. Kwangua vanishi ya zamani, msasa namba 120 halafu 220 kwa kufuata nyuzi za mbao, sanding sila ya kuziba vitundu vya mbao, msasa laini tena, klia (vanishi isiyo na rangi) mara mbili au tatu, na ufanyie barazani kwenye kivuli maana klia ukiipiga kwenye jua la Mtwara inatoa malengelenge. Rangi wekeni kwenye plaiwudi na mbao za paini, hizo ruksa.

Na lile la kupiga msasa mwenyewe nalo nilijaribu, nikaaibika. Majirani walishapitisha kwamba nimefulia Ulaya, na vijana wa yule mzee wamekaa pembeni wananiangalia nakula riziki yao ya siku. Nikawaachia. Vijana wawili, kazi ya siku mbili na nusu, na pesa niliyotoa hainunui kopo mbili za rangi nzuri huku. Sasa mtu wa Mtwara anasifia kujitegemea kwangu, kujitegemea gani na fundi yuko hatua ishirini?

Kitu ambacho ningependa mkiige ni barakoa. Wale vijana wanapiga msasa midomo wazi, na vumbi la mninga si la mchezo, linawasha pua, wengine linawaletea pumu kabisa. Niliwanunulia, wakavaa siku ya kwanza.

Na kingine ni kutoona haya kuwa na kitu cha zamani. Mnakumbuka kipindi kile cha gesi, watu wanaimba Mtwara kuchele, yaani kumekucha, kila mtu kachanganyikiwa na utajiri unaokuja, watu walitoa vitanda vya mkongo nje wakaingiza makabati ya kung'aa kutoka Dar. Nendeni mkayaangalie leo, unyevu wa bahari umeingia, chipbodi imevimba kama andazi, milango haifungi. Vile vitanda vingine nimevikuta vimekuwa banda la kuku, banda zuri kweli, mchwa wenyewe wameshindwa.

Kabati la bibi limerudi chumbani, ila mlango mmoja bado uko kwa fundi, bawaba zilikuwa zimekufa. Jana nimempigia, anasema minada ya korosho imeshaanza, watu wameshika hela, ana oda za vitanda mpaka hajui aanze na kipi, nimsubiri mwezi wa kwanza.