Bwana Harusi Huulizwa Makaratasi Kabla ya Kuulizwa Ukoo

Karani wa kaunti hapa Texas alitupa leseni ya ndoa bila kumuuliza mchumba wangu hata neno moja kuhusu viza. Alizitazama pasipoti zetu mbili, yangu ya Marekani na yake ya Kenya, akahakikisha majina na tarehe za kuzaliwa, akapokea ada, kisha akatueleza kwamba ndoa haiwezi kufungwa kabla ya saa 72 kupita na kwamba leseni hiyo hufa baada ya siku 90. Nilitoka pale na furaha ambayo haikufika jioni, kwa sababu nilipompigia simu shangazi yangu aliyeko Tanga kumpa habari, kabla hajauliza jina la baba wa kijana wala mtaa wanaokaa, aliuliza: "Mwanangu, ana makaratasi?"

Swali hilo nimekwisha kulisikia kwa watu wengi kiasi kwamba nimeona nilijibu hadharani. Mume wangu hana makaratasi, yaani kibali cha kuishi Marekani. Aliingia nchini kama mgeni, kwa viza halali ya matembezi, mwanzoni mwa mwaka 2020, na wiki chache baadaye viwanja vya ndege vikafungwa. Watu wengi hudhani kwamba tarehe ya kuangalia ni ile ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti, lakini muda wa kukaa Marekani huhesabiwa kwa tarehe iliyo katika rekodi ya kuingia iitwayo I-94, na tarehe yake ilipita safari za ndege zikiwa bado hazijatengemaa. Zilipotengemaa alikuwa amekwisha kupitiliza muda, na hapo akakutana na sheria ya mwaka 1996 ambayo wengi wanaomlaumu hawajawahi kuisikia: aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 akiondoka hufungiwa mlango miaka 3, na aliyekaa mwaka mmoja au zaidi akiondoka hufungiwa miaka 10. Adhabu hiyo humpata anapotoka. Anayetaka kurekebisha kosa lake kwa kurudi kwao ndiye huangukiwa nayo, na anayebaki hubaki akiogopa kila kona, lakini nje ya adhabu hiyo.

Sheria za uhamiaji za Marekani zina mlango mmoja. Mtu aliyeingia kwa kukaguliwa mpakani au uwanjani, hata kama baadaye alipitiliza muda na kufanya kazi bila kibali, anaweza kuomba ukazi wa kudumu akiwa humuhumu nchini ikiwa ameoana na raia. Ningekuwa na kadi ya kijani tu, yaani ukazi wa kudumu bila uraia, mlango huo usingekuwapo kwetu, na aliyeingia bila kukaguliwa kwa kawaida haupati hata akioa raia. Nayaeleza haya kwa sababu najua jinsi maneno yanavyosafiri kati ya Houston, Dar es Salaam na Mombasa: mmoja akifanikiwa, mwenzake huambiwa aoe tu mambo yatanyooka, bila kuulizwa aliingiaje na mchumba ana hadhi gani. Na hata kwa wanaostahili, kuwasilisha maombi si kinga ya kukamatwa. Mwishoni mwa mwaka 2025 vyombo vya habari vya Marekani viliripoti kwamba huko San Diego waume na wake wa raia walikamatwa walipokwenda kwenye usaili wao wa kadi ya kijani, ilhali kosa lao lilikuwa ni kupitiliza muda wa viza.

Basi alichokiacha karani wa kaunti, serikali kuu hukiuliza chote. Kuna fomu ya I-130 ya kuthibitisha ndoa na fomu ya I-485 ya kuomba ukazi, na tangu Aprili 2024 ada zake kwa pamoja zimepita dola 2,000 kabla ya kumlipa wakili hata senti. Kuna alama za vidole, kipimo cha afya, mkataba wa pango wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, ritani ya kodi tuliyoijaza kama mume na mke. Halafu kuna picha. Wakili alituomba picha za harusi, nyingi iwezekanavyo, zenye ndugu wa pande zote mbili, na hapo ndipo nilipohisi umbali wa kutoka kwetu kuliko siku yoyote niliyoishi huku. Mtu wa pwani anajua kwamba sehemu ya harusi iliyo nzito kuliko zote haipigwi picha. Usiku wa hina, singo ya kumsugua bi harusi manukato, maneno ya somo anayemfunda, ngoma ya wanawake peke yao wasiojitanda, mahali ambapo simu hukusanywa mlangoni na mwanamume haruhusiwi hata kuchungulia, huo ndio ushahidi wa kweli kwamba binti ameolewa, na ndio ushahidi ambao siwezi kumpelekea ofisa wa kiume ofisini kwake. Nikaah yetu ilichukua dakika chache: baba yangu alimpa sheikh uwakala kwa simu, mashahidi wawili walikuwapo, mahari yakatajwa, mume akasema amekubali. Nchini humu ndoa hiyo ina nguvu ya kisheria kwa sababu sheikh alitia sahihi kwenye ile leseni ya kaunti, na kama leseni isingekuwapo, mashahidi na mahari pekee visingetosha.

Jambo jingine ambalo kwetu lingewashangaza wazee ni hati ya kiapo ya udhamini. Mwanamume wa kwetu ndiye hutoa mahari na ndiye huapa kwamba atamlisha na kumvisha mke. Huku mimi mke ndiye niliyetia sahihi kwamba kipato changu kinafikia asilimia 125 ya kiwango cha umaskini na kwamba mume wangu hatakuwa mzigo kwa serikali, na ahadi hiyo haivunjwi na talaka. Tukiachana kesho, dhamana yangu inaendelea mpaka awe raia, au akamilishe robo-mwaka 40 za kazi, au ahame nchi moja kwa moja, au mmoja wetu afariki. Namheshimu aliyetunga kanuni hiyo, kwa sababu inamfanya mtu afikiri kabla ya kutia sahihi, na natamani baadhi ya wanaume wa kwetu wanaoacha wake na watoto bila matunzo wangefungwa na karatasi kama hiyo. Ninaposema hivyo najua yupo atakayesema nimekuwa Mmarekani. Mimi nimelelewa na mama aliyekwenda kwa kadhi mara nyingi kudai matunzo yake, kwa hiyo jambo hili nililijua kabla sijaiona Marekani kwa macho.

Wanaosema kwamba mume wangu anapenda pasipoti yangu tu nao nawajibu. Ndoa za makaratasi zipo, na hakuna mtu wa diaspora asiyejua hata moja. Wapo wanaolipana, na wapo wanaume waliomwoa mwanamke huku akiwa hajui kwamba mke wa kwanza na watoto wanasubiri kijijini. Sheria inawaandalia kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000, na aliyebainika kufunga ndoa ya udanganyifu hawezi tena kuombewa ukazi na mwenzi mwingine hata ndoa ya pili ikiwa ya kweli. Tangu mwaka 1986, aliyepata ukazi akiwa na ndoa isiyofikisha miaka 2 hupewa kadi ya masharti ya miaka 2 tu, kisha hurudi tena kuthibitisha kwamba bado wanaishi pamoja. Siuonei uchungu ukaguzi huo. Ofisa hamjui mume wangu, hajui kwao, hajawahi kula kwao, na hana njia nyingine ya kumjua isipokuwa karatasi. Anafanya kazi yake kwa kipimo alicho nacho.

Lakini nyinyi ndugu zangu wa nyumbani mna kipimo kingine, na ndicho kinachonikera kwamba mmekiweka kando. Sisi ni watu ambao posa ikija, mshenga hukaa barazani na kuulizwa mambo yasiyoandikwa popote: kijana ni wa nani, mama yake analelewaje, ana hasira gani, amewahi kuoa na aliachaje, anaswali, anakunywa, analipa madeni yake. Watu hutumwa mpaka mtaani kwao kuuliza majirani, na jibu hurudi likiwa sahihi kuliko taarifa yoyote ya benki. Mume wangu ni mtu wa Mombasa, mimi wa Tanga. Kutoka kwetu hadi kwao ni kuvuka mpaka tu, kutoka Horohoro na kuingia Lunga Lunga. Wadigo wako pande zote mbili za mpaka huo na wameoana tangu kabla mpaka haujachorwa, na leo Mkenya na Mtanzania huvuka hapo bila viza. Kumchunguza hakuhitaji hata siku mbili. Ndugu zangu wangeweza kupanda basi asubuhi na jioni wakajua yote. Badala yake wamekaa na simu wakiuliza kama ana kibali cha kazi, kana kwamba wameajiriwa na uhamiaji wa Marekani, na wangepokea kwa vigelegele mtu mwenye kadi ya kijani ambaye hakuna anayejua alikotoka.

Mtasema nawadharau nyumbani. Asiyejali hasumbuki kuandika namna hii, na huku wako waliokata mawasiliano kabisa ili wasiulizwe chochote. Uchungu wangu unatokana na kwamba mimi mwenyewe nimepimwa kwa karatasi na nchi niliyozaliwa. Nilipoapa kuwa raia wa Marekani, uraia wangu wa Tanzania uliisha, kwa sababu sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na tangu hapo kwenda kumwona mama yangu hunigharimu viza ya dola 100 kama mtalii. Najua kuna habari ya Hadhi Maalum kwa watu kama sisi, wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, lakini hadhi si uraia. Mimi niliyezaliwa Tanga naweza kupitiliza muda wa viza Tanga, na nikipitiliza nitaitwa jina lilelile mnalomwita mume wangu.

Tena hata ningebaki Mtanzania, bado tungekwama. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa yake, na haimpi haki hiyo mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania. Kaka yangu angeweza kumleta mke kutoka nchi yoyote na kumfanya raia kwa njia hiyo. Mimi nisingeweza kumfanyia hivyo mume niliyeletewa na bahari ileile. Marekani, pamoja na ugumu wake wote na hofu inayotulaza macho, haikuuliza kama mwombaji ni mume au mke. Nikilisema hili kwa sauti naambiwa nimejifunza ufeministi ughaibuni, wakati ni jambo ambalo dada zangu waliobaki Tanga wangepaswa kulidai kuliko mimi.

Kuna hoja ya mwisho, nayo ni nzito, kwa hiyo sitaipita haraka: kwamba wengine wanasubiri foleni kihalali na yeye ameruka. Kupitiliza muda wa viza Marekani ni kosa la kiraia, si la jinai, lakini ni kosa, na hajawahi kulikana mbele yangu. Nataka tu anayesema hakulipa bei ajue alicholipa. Baba yake alifariki Mombasa na kuzikwa alasiri ya siku ileile, na mtoto wake mkubwa wa kiume, ambaye alipaswa kuingia kaburini kumpokea, alikuwa amesimama kwenye maegesho ya magari nje ya kazi yake akitazama mazishi kwenye simu. Angepanda ndege, miaka 10 ingeanza kuhesabiwa. Alibaki, na matanga yakaisha bila yeye. Wapo ndugu waliomsema kwamba Marekani imemsahaulisha wazazi, na hao ndio haohao waliokuwa wakimpigia simu kila mwezi kuuliza fedha imetumwa saa ngapi.

Mnauliza pia itakuwaje maombi yakikataliwa. Yakikataliwa na asipopata msamaha, tutaondoka wote wawili, yeye akifungiwa miaka 10 na mimi nikimfuata Mombasa, ambako ibara ya 15 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki ya kuomba uraia yeyote aliyekaa katika ndoa na raia kwa miaka 7, awe mume au mke. Hilo tulilizungumza kabla ya posa. Mshenga wake alilifikisha kwa baba yangu pamoja na habari ya viza, tarehe na yote, kabla mahari hayajatajwa, na baba yangu alituma mtu Mombasa akauliza mtaani kwao, akaletewa jibu, akaridhia.