Sikumpiga Mtu Kofi Ndani ya Nganya ya Rongai

Kwanza, sikumpiga mtu kofi. Kama umelisikia toleo la rafiki yangu, aliyejificha kiti cha nyuma kabisa badala ya kuniokoa, futa kofi. Futa na machozi. Lile lilikuwa jasho.

Mnajua nina usonji, na mnajua shangazi yangu wa Rongai hukumbatia kama anayekamua blanketi. Nikibanwa hivyo hata masikio hunizibika. Miaka yote nimesimama tu kama mlingoti, nikitabasamu. Sasa mshauri wangu akanielekeza: sema usichotaka, sema unachotaka, usiombe radhi, na ukariri kwa sauti mpaka mdomo uzoee.

Basi Jumapili nikakariri. Ndani ya nganya, yaani matatu ya mbwembwe. Muziki ulikuwa unatikisa meno, nikavaa hedifoni zangu, nikajiwekea sauti ya mvua, nikaanza kunong'ona. Nilidhani nanong'ona. Kuna daktari Mfaransa, Étienne Lombard, aliyeeleza tangu 1911 kwamba mtu akizingirwa na kelele hupaza sauti bila kujua. Hili nalijua vizuri. Nimewahi kulieleza harusini, bila kuulizwa.

Karibu na Bomas konda akaona polisi. Muziki ukazimwa. Mvua yangu haikuzimwa.

Hapa twende polepole. Nimefumba macho. Mkono wa kulia uko juu, kiganja wazi, kama nilivyofundishwa. Nganya nzima inasikia:

"NAKUPENDA SANA! LAKINI SITAKI UNIKUMBATIE! NIKISEMA HAPANA NI HAPANA! NIPE MKONO TU!"

Jirani yangu ni mzee wa suti ya kanisani, mapajani ana trei ya mayai. Hajanigusa. Hata kunitazama hajanitazama. Nafungua macho, namkuta ameninyooshea mkono, unatetemeka, kwa sababu si nimesema nipe mkono? Ule mwingine umekumbatia mayai. Mama mmoja nyuma yetu kashasimama: "Mzee mzima! Na Biblia umebeba!" Konda anauliza nani anashuka, mimi au yeye. Nami, hedifoni zikiwa bado kichwani, nikamtetea kwa nguvu zangu zote:

"SI YEYE! NI SHANGAZI YANGU!"

Polisi aliyekuwa akichungulia dirishani akasahau alichotaka kuuliza.

Mzee alihamia mbele, nikataka kumlipia nauli, akakataa, nikashuka kabla ya stendi yangu, nikatembea. Mayai yako salama, kwa mnaouliza. Shangazi alikuwa mlangoni, mikono wazi. Mdomo wangu, uliozoea kabisa, ukasema: "Shangazi, umependeza!" Nikakamuliwa.

Leo asubuhi nimemtumia ile sentensi yote kwa ujumbe, bila kuomba radhi. Amejibu baada ya dakika mbili: "Sawa mama, mkono tu. Lakini yule mzee wa mayai ulimpigia nini kofi?"