Saba, Moja kwa Udongo

Wembe sina kesi nao. Watu wakiuona uso wangu huanza kuusema wembe, na wenyewe maskini ulikuwa unafanya kazi yake. Ni wembe wa kukunja, chuma cha Solingen, mji wa Ujerumani ambao tangu 1938 jina lake linalindwa kwa sheria, asije mhunzi wa uchochoroni akaligonga kwenye visu vyake. Nilipewa na baba mkwe. Ujanani alikuwa baharia, akaununua Hamburg, na miaka yote hiyo ameutunza kwenye soksi.

“Mtoto akililia wembe, mpe,” aliniambia, akacheka peke yake.

Akanifundisha. Unavuta ngozi kwa vidole, unaushika wembe nyuzi 30 hivi kutoka shavuni, unafuata nywele zinakoelekea. Ukiulaza mno unang'oa badala ya kukata, ukiuinua unakata vyote, nywele na mwenyewe. Kabla ya kunyoa unaupitisha kwenye ngozi ya mkanda, mgongo ukitangulia, na ukifika mwisho unageuzia mgongoni. Mimi niligeuzia kwenye makali. Mkanda wangu wa harusi ukaachwa na mdomo, nikawa natembea nimeshikilia suruali.

Lakini hayo yanazoeleka. Kilichonitoa jasho ni sabuni.

Nilianza na sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwa hoja kwamba sabuni ni sabuni. Ilitoa povu la kujaza uso, nikafurahi, na kabla sijafika kidevuni limeshakauka, wembe unakwaruza ngozi tupu. Sabuni ya kufulia hutengenezwa kwa soda, ndiyo maana ni ngumu. Ya kunyolea huwa na potashi ndani yake, na povu lake ni zito, lenye maji, linakaa. Halafu kwetu Mbagala tunatumia maji ya kisima, yana chumvi mpaka chai inalalamika. Madini ya maji yale hukamatana na sabuni yakafanya utando mweupe, povu likafia bakulini. Nikawa nanunua maji ya chupa. Mke wangu akaniuliza kama ndevu zangu nazo zimeambiwa na daktari zinywe maji safi.

Ya pili ilikuwa ya mentholi na mkaratusi. Dukani ilinukia vizuri sana. Kwenye uso wenye michubuko, niliimba.

Ya tatu niliichunguza hasa, maana nilishasikia kwamba nyingi za Ulaya hutumia mafuta ya mnyama. Mnyama gani? Nilimkalia muuzaji kooni. Nikasoma karatasi ya nyuma neno kwa neno, nikauliza tena, mpaka akaapa: ni ya nazi, hakuna mnyama hata wa kupita njia. Alipoona nimeridhika akanitupia na brashi juu, ya bei ya bure. Brashi sikuiuliza swali hata moja.

Tukaenda Tanga kula Idi ukweni. Mwezi ukaandama, takbira zikaanza msikitini, wanawake wako uani na hina, nami nikasema huu ndio wakati wa kumwonyesha mzee kwamba wembe wake haukupotea. Nikahitaji bakuli. Kabatini kulikuwa na moja la kauri lenye maua ya buluu, lina uzito mzuri. Nikaloweka brashi humo kwa maji moto, nikakoroga. Povu likasimama! Nilinyoa shavu la kulia likatoka jeupe. La kushoto nalo, ukiacha mahali pawili. Shingo sitaki kuizungumzia. Nikapaka shabu kwenye mikato, machozi yakanilengalenga, nikatoka ukumbini nikiwa na bakuli mkononi.

Mama mkwe akaingia kutoka uani. Akanusa.

“Nani kaleta mnyama ndani?”

Kwa kweli brashi ile ilikuwa inanuka tangu ilipolowa, ila nilidhani ndiyo harufu ya upya. Baba mkwe akaichukua, akazipapasa nywele zake, akaisogeza kwenye taa. Baharia amekaa bandari nyingi.

“Mwanangu,” alisema kwa upole kabisa, “hizi ni nywele za nguruwe.”

Ukumbi mzima ukanyamaza. Kisha mama mkwe akaona kitu kingine, kibaya zaidi.

“Hilo si bakuli langu la tambi?”

Sisi Waislamu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na hukumu yake kwa nguruwe aliyegusa kitu kukiwa na maji haina mjadala: osha mara saba, moja kwa maji yenye udongo. Bakuli likaenda uani. Udongo ukachimbwa chini ya mwembe, ukachekechwa kwa chujio la nazi. Nikashusha pumzi, nikidhani yameisha.

“Na uso,” akasema mama mkwe.

Niliinamishwa kwenye karai. Shemeji yangu anamimina, mama mkwe anahesabu kwa sauti, mke wangu amejishika mbavu pembeni na mikono yake ya hina. Mwosho wa udongo ndio ulioanza. Udongo juu ya shabu, shabu juu ya mkato: hapo ndipo nilipojua uso wangu una mikato mingapi, mmoja mmoja. Tulifika ya tano. Jirani akapiga hodi na sahani ya kaimati, mama mkwe akaitikia, akauliza hali ya watoto, ya wajukuu, ya yule aliyekwenda Muscat. Aliporudi kwangu akasita.

“Tulikuwa ngapi?”

“Ya tano, mama.”

“Sina yakini. Anza upya.”

Jirani akavuta kigoda.

Ilipokwisha, baba mkwe akaninong'oneza, “Sabuni yenyewe haina neno?”

“Haina, baba. Ya nazi.”

“Basi lete.” Akaitoa povu kwa vidole vyake, hapo hapo barazani, akanyoa bila kioo huku anaongea na jirani juu ya bei ya mbuzi. Hakutoka hata tone.

Asubuhi tambi zilipakuliwa kwenye sufuria. Siku ya kuondoka mama mkwe akanikabidhi bakuli la maua ya buluu, limefungwa gazeti.

“Safi limekuwa safi,” alisema. “Ila tambi zangu hazilitaki.”