Haikuwa bei ya chai

Kila tozo mpya inapotangazwa huku kwetu, hakosi mtu wa kuandika mtandaoni kuhusu chai ya Boston. Utasoma kwamba Waingereza walipandisha kodi ya chai, Wamarekani wakaiona ghali, wakaitosa baharini, wakajitawala. Hata mimi nilifundishwa hivyo shuleni, tena na mwalimu mwenye kipaji cha kusimulia. Alikuwa akiigiza kabisa makasha yanavyobebwa begani na kutupwa majini. Kumbe kisa ni kinyume chake. Sheria ya Chai ya mwaka 1773 iliishusha bei. Makasha 342 yaliyotoswa usiku wa tarehe 16 Desemba yalikuwa na chai ambayo ingeuzwa rahisi kuliko hata ile ya magendo iliyotoka kwa Waholanzi.

Na si mara moja hiyo tu. London ilikuwa ikipunguza kodi, na makoloni yanazidi kukasirika.

Chukua molasi. Tangu 1733, molasi ya visiwa vya Wafaransa ilitakiwa kulipiwa peni 6 kwa galoni. Waliolipa walikuwa wa kuhesabu. Mfanyabiashara alimpoza ofisa wa forodha, mapipa yakashushwa, molasi ikageuzwa ramu, maisha yakaendelea. Mwaka 1764 Waziri Mkuu George Grenville akaukata ushuru ule hadi peni 3, ila safari hii alikusudia kuukusanya kweli. Meli za kivita zikalinda pwani, na mwenye kesi ya magendo angeweza kupelekwa kwenye mahakama ya mambo ya bahari, ambako jaji aliamua peke yake bila raia wenzake mshtakiwa kukaa kusikiliza. Nusu ya kodi ambayo mtu hakuwa akiilipa ni mzigo mpya.

Grenville alikuwa na sababu zake. Vita vya Miaka Saba vilivyokwisha 1763 viliwatoa Wafaransa Canada, na pia vilikaribia kulifanya deni la Uingereza kuwa mara mbili. Kulikuwa na askari wa kulisha ng'ambo. Mtu wa London, aliyekuwa akitozwa mpaka kwa idadi ya madirisha ya nyumba yake, hakuona kwa nini mtu wa Philadelphia asichangie ulinzi wake mwenyewe. Nikijiweka mahali pake, simwoni mjinga hata kidogo.

Alichokosea ni stempu. Sheria ya Stempu, iliyopitishwa Machi 1765 ianze kazi Novemba mosi, ilitaka karatasi yenye muhuri wa kodi kwa magazeti, hati za ardhi, mikataba, leseni, kalenda, hata pakiti ya karata kwa shilingi 1 na dadu kwa shilingi 10. Itazame orodha hiyo uone ni nani waliochokozwa: mwanasheria, mchapishaji, mwenye kilabu cha pombe na wateja wake wacheza karata. Ni kama mtu amezunguka mji mzima akiwatafuta wasemaji wake hodari, kisha akawazaba kofi wote siku moja. Mkulima angenung'unika shambani, yakaishia hapo hapo. Mchapishaji ana mtambo.

Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1765 watu wa Boston waliamka wakakuta sanamu ya matambara imening'inizwa kwenye mti mkubwa. Ilikuwa ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kugawa stempu. Kando yake palikuwa na buti kuukuu, na ndani ya buti shetani anachungulia. Buti lile lilimsema Lord Bute, kipenzi cha mfalme, kwa jinsi jina lake linavyosikika. Mzaha ambao kwa bahati unaeleweka hata kwa Kiswahili. Usiku umati ulioongozwa na fundi viatu, Ebenezer Mackintosh, ulibomoa jengo la Oliver na kuichoma sanamu. Kesho yake Oliver akasema kazi haitaki. Siku 12 baadaye ikawa zamu ya nyumba ya Thomas Hutchinson, naibu gavana. Walivunja milango, wakamaliza mvinyo, wakachukua fedha, wakatupa matopeni karatasi za historia ya koloni aliyokuwa akiiandika. Hutchinson mwenyewe hakuipenda sheria ya stempu. Umati haukumuuliza.

Wajumbe wa makoloni 9 waliokutana New York Oktoba ile walikuwa watu wa namna nyingine kabisa, wenye mawigi na lugha ya adabu. Walimwandikia mfalme kama raia zake watiifu. Hoja yao tunaifupisha vibaya: tunasema walidai kuwakilishwa Bungeni. Hawakuomba viti London. Waliandika wazi kwamba kwa jinsi walivyo mbali hawawezi kuwakilishwa kule, na kwa hiyo wa kuwatoza kodi ni mabaraza yao wenyewe tu. Kwa maana hiyo hapakuwa na viti vya kuwagawia ili wanyamaze.

Stempu ikafutwa tarehe 18 Machi 1766. Habari zilipofika, kengele zililia, fataki zikarushwa, na New York kwa furaha ikaagiza sanamu ya Mfalme George III akiwa juu ya farasi. Lakini siku ile ile Bunge lilipitisha sheria nyingine fupi: kwamba lina mamlaka kamili ya kuyatungia makoloni sheria zinazoyafunga katika kila jambo, liwe lolote. Wengi hawakuishughulikia. Haikukusanya hata peni moja. Kwa maoni yangu, uhuru wa Marekani ulitungwa mimba hapo, katika sheria isiyo na kodi ndani yake. Bunge lilikuwa limeachia fedha na kung'ang'ania haki ya kuzidai, na upande wa pili nao haukuwa umegombea fedha.

Yaliyofuata yalikuwa marudio, ila kila safari yakiwa na damu zaidi. Mwaka 1767 Charles Townshend alitoza ushuru vioo, rangi, karatasi, chai na risasi, yaani madini. Watu wakagoma kununua bidhaa za Uingereza, wanawake wakasokota nyuzi zao wenyewe, na mwaka 1768 askari wakaletwa Boston. Tarehe 5 Machi 1770 waliufyatulia risasi umati; walikufa watu 5, mmoja wao Crispus Attucks, mtu wa asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. Siku hiyo hiyo, pasipo yeyote London kujua, Waziri Mkuu Lord North alikuwa amesimama Bungeni akiomba ushuru wa Townshend uondolewe. Wote, isipokuwa wa chai.

Peni 3 kwa ratili. Uliachwa kwa makusudi, kama msumari wa kutundikia haki ya Bunge ya kutoza. Basi mwaka 1773, serikali ilipotaka kuiokoa Kampuni ya Uhindi Mashariki iliyokuwa na maghala yaliyofurika, na chai ikashuka bei huku zile peni 3 zikiwa ndani yake, watu wa Boston waliona chambo. Ukinywa kikombe kimoja umekwisha kukubali. Hutchinson, sasa akiwa gavana, hakuruhusu meli ziondoke bila kulipa ushuru, na wanawe wawili walikuwa miongoni mwa waliopewa kuiuza chai hiyo. Kilichotokea gatini sote tunakijua.

Bandari ya Boston ikafungwa 1774, na mamlaka ya wakazi wa Massachusetts yakapunguzwa. Hapo ndipo makoloni mengine yalipoanza kujiona kwenye kioo. Hata hivyo wengi bado hawakutamka neno uhuru. Julai 1775, miezi mitatu baada ya wanamgambo na askari wa Uingereza kuuana Lexington na Concord, karibu na Boston, Kongamano la wajumbe wa makoloni kule Philadelphia lilimwandikia mfalme ombi jingine la suluhu. Hakulipokea. Agosti akawatangaza waasi. Januari 1776 Thomas Paine, Mwingereza ambaye hakuwa amemaliza miaka miwili Amerika, akatoa kijitabu kilichouacha mjadala wa kodi na kuushambulia ufalme wenyewe. Kazi ya Paine kule kwao? Mkusanya ushuru, aliyefukuzwa. Azimio la Uhuru lilipotoka Julai, lilikuwa na mashtaka 27 dhidi ya mfalme. Kodi bila ridhaa ni moja tu kati ya hayo, mstari mmoja, katikati ya orodha.

Hapa nina ugomvi mdogo na wale wanaokiweka kisa hiki sambamba na kodi ya kichwa ya babu zetu. Neno "koloni" linatudanganya. Waliolalamika Boston walikuwa walowezi. Walikuwa na mabaraza yao ya kuchaguliwa, Virginia tangu 1619, na katika makoloni yale karibu mtu mmoja kati ya watano alikuwa mtumwa. Aprili 1773, miezi minane kabla ya chai, watumwa wanne wa Massachusetts waliwaandikia wabunge wa koloni kwamba wanatarajia mambo makubwa kutoka kwa watu waliosimama imara namna ile dhidi ya wanaotaka kuwafanya watumwa. Sijui kama kuna kejeli ya heshima kuliko hiyo. Utumwa uliendelea. Na Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru kule Rhodesia ili Waafrika walio wengi wasitawale, aliliiga Azimio lile la 1776 kwa muundo na maneno. Alijua anachoiga. Babu aliyelipia kibanda chake hakuwa na baraza la kulitetea. Alikuwa upande wa yule wa kutawaliwa na baraza la wengine.

Sasa ile sanamu. Ilifika New York na kusimikwa mwaka 1770, mfalme na farasi wake, iking'aa dhahabu. Dhahabu ilikuwa ya juu tu. Ndani ilikuwa risasi, yale madini ya Townshend. Tarehe 9 Julai 1776, Azimio lilipokwisha kusomwa mbele ya askari, watu waliiendea kwa kamba wakaiangusha. Sehemu kubwa ya vipande ilipelekwa Litchfield, Connecticut, nyumbani kwa Oliver Wolcott, mmoja wa waliotia saini Azimio. Huko wanawake na watoto waliyeyusha na kumimina, risasi ikawa risasi. Hesabu iliandikwa kwa majina na imehifadhiwa: jumla 42,088. Binti yake Mary Ann alitengeneza 10,790, dada yake mkubwa Laura 8,378. Kaka yao mdogo, Frederick, aliyezaliwa 1767, mwaka ule ule wa kodi za Townshend, alitengeneza 936.