Rekodi Iwe Yako, Isiwe ya Kisimbuzi

Nyumba yenye televisheni mbili au tatu haihitaji visimbuzi viwili au vitatu. Inahitaji antena moja nzuri ya paani, mashine moja ndogo ya kurekodi, na waya wa mtandao. Nasema hivi kwa nyumba ambayo watu wake hutazama zaidi chaneli za bure, na hapa Kenya nyumba za namna hiyo ni nyingi. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa mwaka 2015, chaneli za bure hurushwa kwa mfumo wa dijitali wa antena uitwao DVB-T2 bila kufungwa, kwa hiyo kifaa chochote chenye tyuna (kipokea mawimbi) ya mfumo huo kinaweza kuzipokea na kuziandika kwenye diski. Aliye nje ya Kenya akague kwanza kama chaneli za kwao hazidai kadi, maana zikiwa zimefungwa, mengi ya haya hayatamfaa.

Kisimbuzi cha kulipia chenye diski ndani kinarekodi vizuri, sikatai. Ubaya ni kwamba kilichorekodiwa hufungwa kwa ufunguo wa kisimbuzi kile kile. Toa diski, ichomeke kwenye kompyuta: hupati kitu. Kisimbuzi kikiungua, rekodi za mwaka mzima zimekwenda nacho. Ndiyo maana nashauri mtu aanzie kwenye kisimbuzi cha bure chenye tundu la USB, hata kama baadaye atakiacha.

Kwenye hicho unachomeka flashi, unabonyeza kitufe cha kurekodi, basi. Chaneli ya ubora wa kawaida inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula GB 0.9 kwa saa. Ya HD inayotumia megabiti 6 hula GB 2.7. Hapo ndipo mechi zinapokatika. Flashi nyingi huja na mpangilio wa FAT32, ambao haukubali faili moja kuzidi GB 4. Kwa megabiti 6, GB 4 hujaa baada ya saa moja na nusu na dakika chache. Ukianza kurekodi dakika tano kabla ya mpira kuanza, ukahesabu na mapumziko, rekodi inakufa kwenye dakika ya 70 na kitu. Visimbuzi vingine hukata faili vipande na kuendelea, vingine hunyamaza tu. Ifomati flashi kwa NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, ikiwa kisimbuzi kinaikubali, kisha urekodi saa mbili za majaribio kabla ya siku ya fainali.

Tatizo jingine ni flashi bandia. Imeandikwa GB 64 lakini ndani ina 8. Inapokea faili zote, orodha inaonekana kamili, ila ukifungua rekodi ya tatu picha imevunjika au haipo. Ijaribu kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, ambazo huijaza yote na kuisoma upya. Na ukichomeka diski ya kuzunguka badala ya flashi, ikawa inalia tik-tik na kuzimika, si lazima iwe mbovu: tundu la USB la kisimbuzi huenda linatoa miliampea 500 tu, nayo diski inataka zaidi wakati wa kuanza kuzunguka. Tumia habu yenye umeme wake.

Halafu kuna saa. Kisimbuzi huhesabu saa 24 za kizungu. Taarifa ya habari ya saa moja usiku ni 19:00, si 01:00 wala 13:00. Kosa hili linaonekana la kitoto, lakini huharibu rekodi nyingi. Kagua pia kwamba kisimbuzi kimewekwa GMT+3, la sivyo kila kitu kitachelewa saa tatu.

Sasa, kusambaza. Kigawanyi cha HDMI kinapeleka picha ile ile kila chumba, kwa hiyo anayeshika rimoti sebuleni ndiye anayetawala chumba cha watoto. Kwa nyumba yenye amani kinatosha. Kwa wengine, njia ninayoiona bora ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyopachikwa kadi ya TV HAT, yenye tyuna moja ya DVB-T2, pamoja na Tvheadend, programu ya bure inayorekodi chaneli na kuzisambaza kwa mtandao wa nyumbani. Ukinunua tyuna ya USB badala ya kadi, soma jina kwa makini: zile za bei rahisi zenye chipu ya RTL2832U pekee hupokea DVB-T ya zamani, wala hazitaona chaneli hata moja ya hapa.

Ukishaweka Tvheadend, fungua ukurasa wake kwa kivinjari kupitia mlango (port) 9981. Unda mtandao wa aina ya DVB-T (jina hilo hapo linabeba na DVB-T2), uunganishe na tyuna, kisha ongeza masafa ya mtambo wa eneo lako ukichagua DVB-T2 na upana wa MHz 8. Masafa yenyewe utayaona kwenye kisimbuzi chako cha zamani, kwenye ukurasa wa nguvu ya mawimbi. Programu ikimaliza kutafuta, geuza huduma ilizozipata kuwa chaneli. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, wakaona orodha tupu na kulaumu antena.

Tyuna moja hushika masafa mamoja kwa wakati mmoja, lakini masafa mamoja hubeba chaneli nyingi. Kwa hiyo unaweza kurekodi chaneli mbili huku mwingine akitazama ya tatu, mradi zote ziko kwenye masafa hayo. Ikiwa vipindi mnavyopenda viko kwenye masafa mawili tofauti, ongeza tyuna ya pili. Hakuna ujanja mwingine. Ila tyuna mbili zikigawana antena moja, kigawanyi cha kebo cha njia mbili hupunguza mawimbi kwa desibeli 3.5 hivi, na kama picha ilikuwa inachechemea tangu awali, hapo itakatika kabisa.

Ratiba za vipindi zinazorushwa hewani siziamini. Chaneli nyingine hutuma kipindi cha sasa na kinachofuata tu, nyingine hazitumi kitu. Rekodi kwa saa, ukiongeza dakika 5 mwanzoni na 15 mwishoni, na 30 kwa mpira. Ila nyongeza hizo nazo zina gharama: vipindi viwili vinavyofuatana kwenye masafa tofauti vitagongana, tyuna ikiwa moja, hata kama kwenye gazeti havigusani.

Umeme ukikatika, faili za .ts ambazo Tvheadend huandika hupona hadi sekunde chache za mwisho, tofauti na MP4 ambayo mara nyingi haifunguki isipofungwa vizuri. Diski ya rekodi ipange kwa ext4, mpangilio wa Linux. Kinachosahaulika ni kwamba Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi kabla ya intaneti, mashine haijui sasa ni saa ngapi, na rekodi iliyopangwa inapita hivi hivi. Ka-UPS kamoja, yaani betri inayoshika umeme unapokatika, kwa ajili ya ruta na mashine hiyo kanatosha, lakini pawabanki ya simu si salama: nyingi hukata umeme kwa nukta moja zinapoanza kuchajiwa, na nukta hiyo inatosha kuizima. Adapta iwe ya volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu itakusumbua.

Kwenye televisheni zenye Android weka Kodi, programu ya kutazamia, pamoja na kiunganishi chake cha Tvheadend, mlango 9982. Televisheni ya zamani ipe kisanduku cha Android, na kama haina HDMI, tafuta chenye tundu la waya tatu za AV. Kwenye ruta, itengee mashine anwani isiyobadilika, la sivyo siku ruta ikizimwa na kuwashwa, televisheni zote zitaipoteza.

Kati ya mashine na ruta pitisha waya, hata kama ni mita 20. Waifai iwe ya televisheni tu, na ikiwezekana ile ya GHz 5 pale ambapo ukuta ni mmoja. Nyumba za mawe za Mombasa na Lamu zina kuta zinazomeza GHz 5 karibu yote, na huko waya hadi kila chumba ndio utakaofanya kazi. Diski ya USB 3 nayo huvuruga waifai ya GHz 2.4 ikikaa karibu na ruta. Isogeze mbali kidogo, picha itaacha kukwama.